Lucca na mama: msiende nusu siku, laleni ndani ya ukuta

SWALI: Ninaishi Munich, nafanya kazi ya uuguzi. Mama yangu ana miaka 67, anakuja kunitembelea kutoka Tanga mwezi wa Septemba, na nimepanga kumpeleka Italia kwa siku nne. Siku mbili za hoteli Florence nimeshalipia, mbili zilizobaki bado sijaamua. Mwenzangu kazini kanishauri tupite Lucca asubuhi, tupande ukuta, tupige picha, mchana twende Pisa, jioni turudi Florence. Mama anasumbuliwa na magoti, ngazi nyingi haziwezi. Sisi ni Waislamu. Je, nusu siku inatosha? Na huo ukuta una jipya gani kwa watu waliokulia Pwani wakiona ngome za Wareno na Waarabu?

JIBU: Dada yangu, kwanza nifikishie mama shikamoo.

Nusu siku haitoshi, na si kwa sababu vitu vya kuona ni vingi mno. Lucca ni mji mdogo. Ndani ya ukuta, ukitoka upande wa mashariki hadi magharibi kwa mwendo wa kawaida, nusu saa haiishi. Tatizo ni kwamba kitu kikubwa cha Lucca ni ukuta wenyewe, na ukuta ule haujulikani kwa kupanda, kupiga picha na kushuka. Unajulikana kwa kuuzunguka polepole, asubuhi mapema au jioni jua likielekea kuzama, wakati wenyeji nao wako juu yake na wageni wa siku moja hawajafika au wameshaondoka. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: moja ya zile siku mbili ambazo hujaamua, mlale Lucca, na mlale ndani ya ukuta. Hoteli za nje huwa na bei nafuu kidogo, lakini zitakunyima kile hasa mlichokifuata.

Sasa lile swali la jipya. Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya kale, na nilijifunzia kazi hiyo Mombasa, kwa hiyo umenigusa panapohusika. Fort Jesus ilijengwa kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa amri ya Wareno, lakini aliyeichora hakuwa Mreno. Alikuwa Mtaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akiwafanyia Wareno kazi katika himaya yao ya Bahari ya Hindi. Alikuja na elimu ya kwao. Miaka ileile, watu wa Lucca walikuwa wanajenga ukuta wao kwa elimu hiyohiyo. Mkisimama juu ya ukuta wa Lucca na kutazama zile pembe zilizochomoza kama vichwa vya mishale, mnatazama ndugu mkubwa wa ngome iliyoko kwenye mlango wa bandari ya Mombasa.

Elimu yenyewe ni hii. Zamani mji ulijikinga kwa ukuta mrefu na mwembamba, kwa kuwa adui alikuja na ngazi na mishale. Mizinga ilipoenea Ulaya katika karne ya 15, ukuta wa namna hiyo ukawa mtego kwa wenyewe: tufe la chuma likiupiga, mawe yanawaporomokea walio ndani. Wahandisi wa Italia wakageuza hesabu. Wakaushusha ukuta, wakaunenepesha, wakaujaza udongo. Tufe likitua kwenye udongo linazama na nguvu zake zinaishia humo. Kisha wakatoa buruji kwenye pembe, ambazo huko mtaona zimeandikwa baluardo, ili mpiga mzinga aliye kwenye buruji moja aweze kuufagia uso wa ukuta hadi buruji ya pili. Hakuna mahali ambapo adui anaweza kujibanza chini ya ukuta asionekane.

Ukuta wa Lucca una mzunguko wa kilomita 4.2 hivi, kimo chake ni kama mita 12, na chini unafikia unene wa mita 30. Kazi ilianza mwanzoni mwa karne ya 16 na kuisha katikati ya karne ya 17, yaani vizazi vinne au vitano vilirithishana ujenzi mmoja. Mji mdogo kama ule ulipata wapi fedha? Hariri na benki. Na ulitumia fedha hizo kwa sababu ya hofu ya kweli. Florence iliitwaa Pisa mwaka 1406. Siena ikaanguka mwaka 1555. Lucca, katikati ya majirani hao, ikabaki jamhuri huru mpaka Wafaransa walipoingia mwaka 1799. Mkipita Porta San Pietro, lango la kusini, inueni macho: wameandika LIBERTAS, uhuru. Na mkizunguka upande wa mashariki mtafika Porta Elisa, lango lililofunguliwa mwaka 1811 tu. Kabla ya hapo upande huo haukuwa na lango, kwa sababu ndiko ilikokuwa njia ya Florence.

Hapa ndipo Lucca inapoachana na Mombasa. Fort Jesus ilipiganiwa, ikatekwa, ikakombolewa, na mzingiro wa Waomani wa mwaka 1696 hadi 1698 uliua watu kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Ukuta wa Lucca haukupigiwa vita hata siku moja. Adui mkubwa aliyewahi kuujaribu alikuwa maji. Novemba 1812 mto Serchio ulifurika, wakafunga malango na kuziba nyufa, na mji ukasalimika katikati ya bonde lililogeuka ziwa. Wenyeji husimulia kuwa Elisa, dada yake Napoleon, aliyekuwa akitawala Lucca wakati huo, alikuta malango yamefungwa ikabidi apandishwe juu ya ukuta kwa mashine ya kunyanyulia mizigo.

Naomba umsimulie mama na jambo moja zaidi, kwa sababu ndilo linalonifanya niupende mji huu. Katika karne ya 19 kuta za aina hii hazikuwa na kazi tena, na miji mingi ya Ulaya ilizibomoa kupata barabara pana. Florence ilibomoa sehemu kubwa ya ukuta wake kuanzia mwaka 1865. Mwaka uliofuata, 1866, manispaa ya Lucca iliununua ukuta wake kutoka kwa serikali ya Italia. Waliulipia fedha ili ubaki. Kabla ya hapo Maria Luisa wa Bourbon, aliyeanza kuitawala Lucca mwaka 1817, alikuwa amekwisha kuugeuza kuwa mahali pa kutembelea, kwa msaada wa msanifu wake Lorenzo Nottolini. Ile njia ya juu, iliyowekwa pana ili mizinga isukumwe kutoka buruji hadi buruji, ndiyo leo wanapopita wazee na vijiti vyao, watoto na baiskeli, na mama vijana wakisukuma vigari vya watoto. Miti mikubwa imepangwa pande zote mbili. Na nje ya ukuta mtaona eneo pana la majani, tupu, hakuna hata kibanda: ule ulikuwa uwanja wa kufyatulia, usiotakiwa kuwa na kitu cha kumficha adui, na mpaka sasa haujajengwa. Sisi tunaohangaika kuzuia maghorofa yasiuzibe mji mkongwe, hapo tuna la kusoma.

Magoti ya mama yasikutie wasiwasi. Juu ya ukuta ni tambarare kabisa, na kupandia kuna njia za mteremko mpole penye malango na buruji, hamna haja ya ngazi. Viti vya kupumzikia ni vingi. Mzunguko mzima kwa miguu ni saa moja na nusu kwa mwendo wa mtu mzima asiye na haraka, na si lazima mmalize. Kama kilomita nne ni nyingi kwake, nendeni Piazza Santa Maria, upande wa kaskazini, kuna maduka ya kukodisha baiskeli. Ulizia risciò, kigari cha kukanyaga chenye magurudumu manne na paa. Wewe utakanyaga, mama atakaa pembeni yako kwenye kivuli. Uliza bei kabla ya kukaa, na pigeni raundi moja bila kushuka kwanza, ndipo mrudie mahali alipopapenda.

Mkitoka stesheni, watu watawaelekeza njia fupi inayokata majani na kuingia kwenye tumbo la buruji ya San Colombano, kisha kutokea karibu na kanisa kuu. Ni njia nzuri sana, kwa sababu unaupita ukuta kwa ndani na kuuona unene wake. Lakini ina ngazi. Mama mpitishe Porta San Pietro, hatua chache tu mbele, ambako ni sawasawa na ardhi, na wewe ile nyingine utairudia peke yako. Ndivyo ufanye pia na Torre Guinigi, mnara wenye miti ya mialoni iliyoota kileleni. Una vidato zaidi ya 200. Mwache mama mkahawani, panda, mpungie mkono.

Kilichomo ndani ya mji nitakuchagulia vichache, maana orodha ndefu itawachosha bure.

Cha kwanza ni Piazza dell'Anfiteatro. Wageni wengi huingia, wakazunguka ule uwanja wenye umbo la yai, wakanywa kahawa ya bei ya juu, wakatoka. Ninyi anzeni kwa nje. Piteni kichochoro kinachouzunguka na mtazame kuta za nyuma za nyumba kwa karibu. Katikati ya matofali ya jana na juzi, mahali plasta ilipobanduka, mtaona matao mazima ya Kirumi na nguzo za mawe makubwa ya rangi ya kijivu, na dirisha la jiko la mtu limetobolewa katikati ya tao. Hapo palikuwa uwanja wa michezo wa Warumi. Dola yao ilipoanguka hakuna aliyeubomoa wote, watu walijenga nyumba juu ya viti vya watazamaji, kizazi baada ya kizazi, wakifuata mviringo uleule. Nottolini, yule wa miti ya ukutani, ndiye aliyeondoa vibanda vya katikati mwaka 1830 ili pawe soko. Mwekeni mama mkono wake kwenye jiwe moja. Mimi nikiongoza wageni huanzia hapo, na hakuna maelezo ya mdomo yanayoshinda jiwe hilo.

Cha pili ni kaburi la Ilaria del Carretto katika kanisa kuu la San Martino. Sijui kama mama anapenda kuingia makanisani, na asipopenda msimlazimishe. Akikubali, huyu anastahili. Ilaria alikuwa mke wa Paolo Guinigi, mtawala wa Lucca, akafariki mwaka 1405 baada ya kujifungua, akiwa kijana mno. Mchongaji Jacopo della Quercia alimlaza kwa marumaru, amevaa joho lenye kola ndefu iliyofunga shingo, na miguuni kamwekea mbwa mdogo aliyeinua kichwa kumtazama usoni. Sogea upande wa mbwa, chuchumaa kidogo ulingane naye, umtazame bibi kutoka pale. Muuguzi kama wewe, uliyeona wazazi wangapi wodini, sidhani kama utapita haraka. Kabla ya kuingia, kwenye baraza ya mbele upande wa kulia, kuna nguzo imechongwa ramani ya njia zilizopindana. Mama aipitie kwa kidole, watu wamefanya hivyo kwa mamia ya miaka.

Cha tatu nakitaja kwa ajili ya watu wa kwetu hasa. Katika kanisa la San Frediano, lile lenye picha kubwa ya vijiwe vya dhahabu mbele, umelazwa mwili wa Zita, mtumishi wa nyumbani aliyefariki mwaka 1272. Alitumikia familia moja ya matajiri wa hariri tangu alipokuwa binti mdogo hadi alipokufa. Wasimuliaji wanasema alikuwa akiwapelekea maskini mkate ndani ya kanga yake ya kazi, na bwana wake alipomtaka aifunue, ukaonekana umegeuka maua. Leo ndiye mlinzi wa wafanyakazi wa ndani katika Kanisa Katoliki, na kila mwishoni mwa Aprili mtaa ule hujaa maua kwa ajili yake. Mji uliojenga minara ya matajiri na kuwasahau wengi wao umemkumbuka msichana wa kazi. Kwetu, ambako nyumba nyingi zinasimama kwa mgongo wa dada wa kazi, naona hadithi hiyo inafaa kusimuliwa.

Mpenzi wa muziki atakwenda nyumba alimozaliwa Puccini mwaka 1858, iko karibu na kanisa la San Michele. Msipokwenda hamjapoteza.

Chakula. Hapa uwe macho, maana nguruwe yumo kwenye vitu usivyomtarajia. Chakula cha sifa cha Lucca, tordelli, ni tambi zilizojazwa nyama na kumwagiwa mchuzi wa nyama, na kwa kawaida nyama ya nguruwe imo. Supu ya farro, nafaka ya milimani kaskazini mwa Lucca, ni tamu na inashibisha, lakini wengi huikaanga kwanza na mafuta au ngozi ya nguruwe. Hata mikate na keki nyingine hutiwa strutto, nalo ni shahamu la nguruwe, basi lisake neno hilo kwenye karatasi ya viungo. Sentensi ya kukariri ni moja: senza maiale e senza vino, bila nguruwe na bila mvinyo. Iseme mapema, kabla ya kuagiza, hawakasiriki. Cha kula kwa amani ni cecina, chapati pana ya unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, inayookwa kwenye sinia kubwa la shaba. Mama ataila akidhani yuko nyumbani. Kuna pia maharage yaliyochemshwa na kumiminiwa mafuta ya zeituni ya vilima vya Lucca, samaki, pizza ya jibini. Mkate mtamu wa hapo, buccellato, wenye zabibu na harufu ya bizari tamu, uulizie kama zabibu zake hazikulowekwa kwenye pombe, na ukiwa salama chukueni mmoja mrudi nao Munich, haukauki upesi. Majiko mengi hufungwa baada ya saa nane na nusu mchana na hayafunguki mpaka saa moja na nusu usiku, hivyo msichelewe kula. Maji msinunue ovyo: mabomba ya mtaani yana maji safi ya kunywa, na wenyeji wenyewe huja na chupa zao.

Kwa upande wa sala, kulala ndani ya ukuta kutawasaidia tena. Hotelini hamtakuwa mbali zaidi ya nusu saa popote mlipo mjini, mtarudi, mtasali, mama atanyoosha miguu, kisha mtatoka jioni. Katika ile ratiba ya mwenzako mngeshinda mkihangaika stesheni.

Usafiri ni rahisi. Kutoka stesheni ya Santa Maria Novella, Florence, kuna treni za mikoa za moja kwa moja, mwendo wa saa moja na dakika 20 hadi saa moja na dakika 45. Tiketi ya karatasi lazima muigonge kwenye mashine ndogo ukutani kabla ya kupanda, vinginevyo ni faini hata kama mmelipa. Na Pisa si lazima muiache. Kutoka Lucca ni nusu saa kwa treni, na mshuke Pisa San Rossore, si Pisa Centrale. San Rossore iko dakika chache tu kwa miguu kutoka mnara ulioinama, magoti yatakushukuru. Mzunguko unaofaa basi ni Florence, kisha Lucca usiku mmoja au hata miwili, kisha Pisa mkielekea uwanja wa ndege ikiwa mnarudi kwa ndege kutoka huko. Msikodi gari. Ndani ya ukuta kamera zinasoma namba za magari yasiyo na kibali, na faini itakufuata kwa posta hadi Munich.

Umesema Septemba. Jioni ya tarehe 13 ni Luminara, maandamano ya heshima kwa Volto Santo, msalaba mkubwa wa mbao uliomo kanisa kuu. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2020 vilionyesha kuwa ni wa mwishoni mwa karne ya 8 au karne ya 9, moja ya sanamu za mbao kongwe zaidi Ulaya. Usiku huo taa za umeme huzimwa katika mitaa ya maandamano na nyumba zinapambwa kwa maelfu ya taa ndogo za moto madirishani. Hata asiye Mkristo atafurahia kuuona mji namna ile, lakini vyumba huisha mapema sana na mitaa husongamana. Kama mama hapendi msongamano, chagueni wiki inayofuata. Mkiipenda tarehe hiyo, lipieni chumba sasa hivi.

La mwisho ni karatasi. Mama akija kwa viza ya Schengen iliyotolewa na Ujerumani, anaweza kwenda nayo Italia maadamu safari yake kubwa ni kwako Munich, na hakikisha bima yake ya safari inataja nchi zote za Schengen. Hoteli za Italia zinatakiwa na sheria kuandikisha kila mgeni polisi, kwa hiyo achukue pasipoti yenyewe, si picha iliyoko kwenye simu yako.